Kopo Nililolifukia Chini ya Mgomba

Aika mwanangu,

Nimekutuma kwa bibi yako makusudi. Kumuaga ungemuaga tu, lakini habari ya kumpelekea sukari leo hii saa sita mchana ni uongo wangu wa kutafuta nafasi ya kukaa peke yangu. Najua hakuachii mpaka ule, na ukishakula atataka umsomee meseji zote za simu yake tangu Pasaka. Kwa hiyo nina muda.

Naandika kwenye daftari la vipimo. Ukigeuza ukurasa utakuta kifua na kiuno cha mwalimu mkuu, usimwambie mtu. Nikimaliza nitaichana barua niiweke juu ya begi lako, uisome kabla hujafunga zipu.

Habari za kula vizuri na kufunga mlango sitaandika. Hayo unayajua kuliko mimi, na mengine wewe ndiye uliyenifundisha. Nataka kuandika yale ambayo kila nikianza kuyasema kwa mdomo unanikata. Juzi ulisema, "Mama, wewe hata watu wakipeana amani kanisani unaangalia kwanza mikono yao." Nilicheka. Lakini nilipobaki peke yangu nikaona ni kweli, huwa naangalia. Basi niandike ninachokishuku, kisha nikuambie kwa nini una haki ya kutonisikiliza, halafu uamue mwenyewe.

Lile tangazo la sherehe ya Dar ya wanawake wabunifu nimelitazama mara nyingi kuliko unavyodhani. Ukienda kuoga nachukua simu yako. Nimewaangalia wale wanawake mmoja mmoja. Yuko yule mama wa Mbeya aliyetengeneza programu ya kuwakumbusha wajawazito siku zao za kliniki. Yuko binti wa Kampala anayepanda minara ya simu, amevaa mkanda kiunoni na buti zinazomzidi miguu. Yuko yule wa Accra mwenye mvi, wanasema amefundisha kompyuta tangu zilipokuwa kubwa kama kabati la vyombo. Wote weusi kama sisi, hakuna aliyepakwa poda ya kumng'arisha. Mmoja amesuka twende kilioni kama mimi. Nilipofika kwa huyo nililia, ukaniuliza nina nini, nikasema kitunguu. Siku hiyo tulikuwa tunakula ndizi bila kitunguu.

Nilikuwa sijui kama tuko wengi hivyo, Aika. Nilidhani uko wewe tu, umetokea kwangu kwa bahati, kama mgomba unaoota peke yake katikati ya njia.

Halafu nikafika kwenye picha yako. Wewe na ndoo kichwani.

Siku ile ya picha nilikuwepo, nakumbuka kila neno. Yule mpiga picha akakuambia, "Dada, hebu beba ndoo, utembee kidogo kuelekea kwenye mfereji."

"Ndoo ya nini?"

"Maji, dada. Stori yako si ya maji?"

"Maji ya mfongo huu ni ya kumwagilia shamba. Hakuna anayeyabeba kichwani."

"Watu wa nje wataelewa haraka zaidi."

Mimi nikadakia, "Kwani hao watu wa nje ni wazito kuelewa?" Ukanikonyeza ninyamaze, ukasema picha moja tu, Mama, tumalize. Akapiga nyingi. Akakupiga umepiga magoti kwenye tope pale kwenye lango la maji, umelishika kopo lako, lile kopo la rangi lenye boya na betri na laini ya simu ndani, linaloziambia nyumba arobaini zamu ya maji ni ya nani na nani amefungua lango saa isiyo yake. Ile ndiyo picha niliyoipenda. Ulikuwa na tope mpaka puani. Wao wakachagua ya ndoo.

Nikajisemea, sawa, ni picha tu, labda nina wivu wa kijinga. Kisha ikaja karatasi.

Karatasi ile ya mkataba wa mafunzo ya shirika linaloandaa sherehe ulinipa nisome ukasema, "Mama, ni ya kawaida, wote wanasaini siku ya sherehe." Niliona herufi zake zimezidi kuwa ndogo. Mimi ni mtu wa darasa la saba na cherehani, nikiona kitu kimeshonwa kwa nukta ndogo sana najua kuna mahali kimechanika pamefichwa. Nikaenda nayo mjini siku nilipofuata vitambaa. Pale mtaa wa Soweto kuna dada wa steshenari, nikamwambia, "Nitolee kopi, lakini uikuze."

"Nikuze kiasi gani, mama?"

"Mpaka neno lionekane kama sare ya shule."

Alicheka, akaikuza. Nikakaa kwenye benchi lake nikasoma yote, kurasa tisa, kwa kidole. Kipengele cha kumi na moja kinasema kila ulichobuni wakati wa mafunzo, na kila ulichobuni kabla ya mafunzo, kitakuwa mali ya shirika. Nikarudia. Wakati wa mafunzo, hilo nalielewa kidogo, watakuwa wamekulisha na kukufundisha. Lakini kabla? Kabla walikuwa wapi? Kabla ni hapa kwangu, ni wewe na bisibisi juu ya meza yangu ya kukatia nguo, unaniunguzia kitambaa kwa kile chuma chako cha kulehemu.

Ulipokwenda kuoga nikaiweka karatasi kando ya simu yako yenye tangazo, nikavitazama pamoja. Kwenye picha wewe upo, kopo halipo. Kwenye karatasi kopo lipo, wewe hupo. Hapo ndipo usingizi wa mchana uliponikimbia mpaka leo.

Nilimpigia Injinia Neema wa shirika lao jana ulipokwenda Himo kununua begi. Najua ungenizuia. Unakumbuka nilivyomwaibisha siku ya kwanza alipokuja? Gari likasimama, wakashuka mwanamume mmoja mwenye kofia na mwanamke mmoja mwenye raba. Nikampangusia kiti yule mwanamume, nikamwambia karibu sana injinia, nikampa maziwa. Yule mwanamke nikamwambia, "Dada, nisaidie kushika hili sinia." Akalishika. Akasimama nalo mpaka mwanamume alipomaliza maziwa na kusema, "Mama, mimi ni dereva. Injinia ni huyo uliyempa sinia." Wewe ulitaka ardhi ikumeze. Mimi, mama wa msichana mwenye kopo, mtu pekee mtaa huu ambaye hakuwa na kisingizio! Yeye akasema tu, "Nimezoea, mama. Leo angalau nimepewa sinia lenye ndizi." Kisha akavua raba akaingia mfongoni na suruali yake, mkatoka nyote wawili mmelowa na mnabishana habari za betri kama watu mliokua pamoja.

Nampenda yule dada. Ndiyo sababu nilimshuku zaidi.

Nikamwambia, "Injinia, nakuuliza kama mzazi. Kipengele cha kumi na moja unakijua?"

Akauliza, "Mama Aika, umekisoma?"

"Nimekikuza, nikakisoma."

"Katika wazazi wote niliowapelekea hiyo karatasi, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

"Kwa hiyo ulikijua, na ukaja kula ndizi zangu."

Hakukasirika. Alisema, "Nilikijua. Mimi mwenyewe nilisaini kama hicho nikiwa na miaka ishirini na tatu. Kuna mashine niliyoibuni inafanya kazi mpaka leo, na jina langu haliko hata kwenye skrubu moja."

"Na bado uko kwao?"

"Bado niko. Nikiondoka, nani atabaki mle ndani kuwapokea akina Aika?"

Jibu hilo nimeligeuza tangu jana na sijajua kama ni zuri au ni la mtu aliyezoea kushika sinia. Nikamuuliza, na Aika akisema hicho kipengele kifutwe, atarudishwa nyumbani? Akasema watanung'unika, lakini watafuta, kwa sababu wameshatangaza picha yako na itawaaibisha kusimama jukwaani bila wewe. "Ila aseme yeye mwenyewe, mama, si mimi wala si wewe. Na aseme kabla ya siku ya sherehe. Akishasimama mbele ya kamera na kalamu mkononi, wote wanapiga makofi, hata mimi nisingeweza kukataa."

Basi ndilo hilo ninalolitaka kwako. Kesho ukipanda basi la Dar, uwe umeamua. Nimeweka alama ya penseli pembeni ya kipengele, penseli tu, unaweza kuifuta. Nenda kwenye mafunzo yao, nenda kwenye sherehe yao, vaa lile gauni la kitenge, shikana mikono na yule mama wa Accra unisalimie. Sikuzuii hata hatua moja. Lakini kopo usiwape.

Sasa nifike pale ninapokwepa tangu nianze kuandika.

Utasema, Mama, wewe unashuku kila kitu, kwa nini hili liwe kweli? Una haki. Mimi niliwahi kukushuku wewe bila kujua ni wewe, na nilichofanya siku ile sijawahi kumwambia binadamu. Nimemwambia mmoja asubuhi ya leo, nitakuja kwake.

Unakumbuka kopo la kwanza. Ulikuwa kidato cha tatu, Januari, jua lile lililokausha mpaka majani ya migomba yakajikunja. Mwalimu wako wa fizikia alikupa vibao vya zamani, ukatengeneza kwa siri kwa sababu ulitaka kunifurahisha. Ukalifunga langoni jioni ukasema utaniambia kesho yake. Kesho yake lilikuwa limepotea. Ulilia siku tatu, hukula.

Kopo lile nililivunja mimi.

Ngoja nikueleze, si kwa kujitetea. Unajua mambo ya mfongo yalivyokuwa kabla yako. Wewe umekuta wanawake wanaketi kwenye kikao na kupiga kelele, lakini nilipokuzaa, nikiwa na miaka kumi na saba na sina mume, mwanamke hakutakiwa hata kusogea pale wazee wanapogawa maji. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, walikwenda wanaume, na nyumba isiyo na mwanamume wa kupeleka ilipewa maji ya mwisho, yale yanayobaki wengine wakishashiba. Mimi zamu yangu ilikuwa Jumatano saa saba mchana, maji yakifika kwangu ni machozi. Nilikwenda mara moja kulalamika kwa Mzee Ndesario, ambaye wakati huo ndiye mwenyekiti wa mfongo. Hakunitukana. Aliniambia, "Binti, leta mwanamume atakayesema kwa niaba yako."

Basi nikaanza kujigawia mwenyewe. Kulipopambazuka, kabla watu hawajatoka, nilikuwa nakwenda langoni natoa tope kidogo na kipande cha gome la mgomba, maji yanapita upande wangu kama kidole. Nikimaliza nasiliba tena. Sikuita wizi. Nilijiambia ni kidole tu. Mboga ulizokula, maharage niliyokupelekea bwenini, ni ya kidole hicho. Miaka mingi, Aika.

Asubuhi ile nafika nakuta kopo limefungwa kwa waya palepale ninapoweka mkono. Ndani kuna taa nyekundu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kama jicho. Nikajua wameniona. Nikajua ni Mzee Ndesario na kamati yake wameniwekea mtego, wananiita mwizi kwa mashine. Na kidogo, nikuambie ukweli, nikadhani ni uchawi. Sikuangalia mara mbili. Ningeangalia ningeona waya umefungwa kwa uzi wa bluu wa sare, uzi wangu mwenyewe, ambao hakuna mtu mwingine mtaa huu anao. Nililipiga kwa kisigino cha jembe mpaka taa ikazimika, nikalifunga kwenye kanga, nikalifukia chini ya ule mgomba wa mshare nyuma ya choo.

Nikarudi ndani nikakuamsha unywe uji. Ukaniambia, "Mama, leo twende wote langoni, nina kitu."

Nilipoelewa, ulikuwa tayari unalia, na kila dakika niliyokaa kimya iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Ningesema nini? Kusema nimevunja kopo ni kusema nilikuwa langoni alfajiri, na kusema hivyo ni kusema kwa nini.

Halafu kikaja kikao, na Mama Sifuni jirani yetu.

Wewe unajua alivyosema pale nje ya kanisa habari za kopo lako zilipoenea, kwamba hivyo vidubwasha vya watoto wa shule havitakuja kumpangia maji akiwa hai. Kila mtu alimsikia, kwa hiyo kila mtu akajua ni yeye aliyevunja. Alikataa, akaapa, hakuna aliyemsikiliza. Naye ni mjane, hakuwa na mwanamume wa kusema kwa niaba yake. Wakamnyang'anya zamu mpaka mvua za masika. Miche yake ya kahawa ikafa yote, nikiiona kutoka kwenye kiti cha cherehani changu. Nikawa nampikia mtori. Kila Jumapili nampelekea bakuli, ananishukuru, narudi nyumbani najiona mtu mwema. Na wewe uliacha kumsalimia. Unampita njiani kama jiwe. Miaka minne hujampa shikamoo mtu mzima, mtoto niliyemlea mimi, na mimi nilinyamaza kwa sababu shikamoo yako ingenigharimu.

Hilo ndilo kosa langu. Si kushuku. Nilishuku watu wote wa mtaa, sikujishuku mimi.

Ukatengeneza kopo la pili. Sikuacha kuiba kwa sababu nimetubu, niliacha kwa sababu niliogopa kopo. Kazi yako ilininyoosha mkono, moyo ukaja baadaye, tena kwa kuchelewa. Nakumbuka ulivyosimama mbele ya wazee kulieleza, umevaa sketi ya shule, nami niko nyuma ya ua nasikiliza kwa sababu bado nilikuwa naogopa kuingia.

Mzee Ndesario akauliza, "Yaani simu ndiyo itanigawia mimi maji?"

"Shikamoo babu. Haigawi. Inakumbusha tu."

"Marahaba. Na ikikosea, nitaizaba kibao?"

"Utanizaba mimi, babu. Yenyewe haina shavu."

Wakacheka wote, na walipokuwa wanacheka ukapitisha ile orodha yako ya zamu za mzunguko, kila nyumba inapata saa nzuri na kila nyumba inapata saa mbaya, yenye mwanamume na isiyo naye. Walipomaliza kucheka ilikuwa imeshakubaliwa. Nilishika ua lile kwa mikono miwili. Kitu nilichoshindwa kukidai nikiwa na miaka kumi na tisa na wewe mgongoni, ulikidai ukiwa na miaka kumi na saba na daftari, na hukuhitaji kukiiba.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Sifuni. Nilijiambia siwezi kukuandikia habari za karatasi za watu wakati yangu nimeikunja. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikasema nimesimama, nisije nikakaa nikabadilisha habari.

"Mama Sifuni, kopo la kwanza la Aika nililivunja mimi."

Hakuacha kumenya. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Nilikuona unapita na jembe na kanga imevimba. Nani anavalisha jembe kanga alfajiri?"

"Na hukusema!"

"Nimwambie nani? Mimi ndiye niliyekwisha sema vidubwasha sivipendi. Ningekutaja, wangesema mwizi anatafuta mwenzake." Akaweka kisu chini. "Na wewe ukawa unaleta mtori. Nikasema acha nile, siku moja atasema. Nimekula miaka minne, mama. Na nikuambie, mtori wako una nyama ndogo sana kwa kosa kubwa kama lile."

Nilicheka huku nalia, naye akanitazama bila kucheka mpaka nikanyamaza. Akasema mambo ya kahawa yamekwisha, miche mingine imeota. Lililomuuma halikuwa kahawa. "Yule mtoto wako alikuwa ananiita bibi. Akaacha. Nikawa namsikia kwa watu, Aika kafanya hivi, Aika kaitwa Dar, Aika kwenye simu za watu, na mimi nimemjua akiwa na kamasi. Sikuweza hata kumwambia hongera, angeniona mnafiki."

Jumapili baada ya misa kamati itakaa na mimi nitasimama. Nimeshamwambia Mzee Ndesario nina neno. Akaniuliza nitaleta mwanamume wa kulisema, ananitania, siku hizi ana utani. Nikamwambia hapana, mzee, hili nalisema mwenyewe, na ukilisikia hutatamani kutania. Sijui watanifanya nini. Labda watanyang'anya zamu yangu, na programu yako itabidi itume meseji hiyo. Iache itume. Usiiguse ukiwa huko kwa kunionea huruma, nitajua.

Kwa hiyo mambo mawili, Aika, kisha uende. Kesho asubuhi kabla ya gari, pita kwa Mama Sifuni. Mpe shikamoo yake. Usimweleze sana, sema tu, atakujibu marahaba na mengine atayajua. Na la pili ni karatasi, ambalo nimeshasema. Nilipofukua kopo lile nyuma ya choo leo, mgomba ulikuwa umelipitishia mizizi katikati. Nimelisafisha kadiri nilivyoweza, bado lina uzi wa bluu. Nimelifunga kwenye kitambaa liko chini ya begi, upande wa viatu. Si la kufanyia kazi, limeoza. Wakikuuliza ulibuni kitu hiki lini na wapi, liweke mezani, useme mama yangu ndiye shahidi, yeye ndiye aliyelivunja.

Usije ukawa kama mimi hata hivyo. Usiwatazame wale wanawake wa kwenye tangazo kwa jicho nililomtazamia kila mtu. Wengine watakuwa Injinia Neema, watakuambia ukweli ukiwauliza, lakini hawatakuambia usipouliza. Waulize wote kopo lao liko wapi. Labda hakuna aliyewahi kuwauliza. Na ukiona kitu kigeni kina taa inawaka na kuzima mahali unapoweka mkono, kiangalie mara mbili kabla hujainua jembe, kinaweza kuwa kimefungwa kwa uzi wa kwenu.

Nilitaka kukuandikia pia habari ya siku uliyozaliwa, na kuhusu baba yako kuna jambo moja zuri sijawahi kukuambia, lakini simu imelia sasa hivi. Nilidhani ni wewe unasema bibi amekuachia. Siyo wewe, ni kopo lako:

"Mama Aika, zamu yako ya maji imeanza. Saa tisa mpaka saa kumi na moja. Fungua lango."

Nasikia sauti yako kila nikisoma meseji hizi, ingawa ni herufi tu. Naacha hapa. Nachukua jembe, nakwenda kufungua lango jua likiwa juu, kila mtu akiniona.

Mimi mama yako,
Mama Aika